Majibu ya Ijumaa

Kesi haikuwa na maiti. Champa Pradeep, msichana wa miaka ishirini na sita, alikata roho hospitalini Nakuru asubuhi ya Jumanne, tarehe 23 Machi 1976. Kufikia adhuhuri ya Jumatano mwili wake ulikuwa umeteketezwa kwa desturi ya Wahindi wenzake. Siku tatu baadaye baba yake, mzee Pradeep mwenye kiwanda cha mbao, alifika kituo cha polisi kusema kwamba binti yake alilishwa sumu.

Sasa ilikuwa Alhamisi, tarehe mosi Aprili. Mpishi wa nyumba ile, mjane wa Kinandi aitwaye Jepkorir, alikuwa na siku ya sita ndani ya seli. Kesho yake angerudishwa mbele ya hakimu kusomewa shtaka la kuua, na adhabu ya shtaka hilo ni kitanzi.

Inspekta Khisa wa upelelezi alilifungua faili kwa mara nyingine. Chini ya kitanda cha Jepkorir ilipatikana chupa ya dawa ya dipu, ile yenye sumu ya aseniki ya kuulia kupe. Aliyeiona na kuileta kituoni alikuwa Lalit, mdogo wake marehemu. Jirani mmoja aliandikisha kwamba kila asubuhi alimwona mpishi akisaga unga wa njano na kuupeleka chumbani kwa mgonjwa, kisha mlango unafungwa kwa ufunguo. Jepkorir mwenyewe alipoulizwa alisema dawa ni ya kupe wa mbwa. Baada ya hapo alifunga mdomo, na hakuufungua tena.

Asubuhi hiyo majibu ya mkemia yalikuwa yamefika kutoka Nairobi. Ndani ya chupa ya dipu mlikuwa na dipu. Unga wa njano ulikuwa bizari ya manjano, ile ya kupikia, bila kitu kingine.

"Mtu anayetaka kuua hasagi bizari," Khisa alisema.

Koplo Chepkemoi, askari wa kike aliyekuwa akimlinda Jepkorir, aliinua mabega. "Labda ilikuwa ya kuficha ladha ya sumu, afande."

"Labda. Au ya kuficha kitu kingine." Alichukua kofia yake akatoka.

*

Kliniki ya Daktari Tejinder Singh ilikuwa mtaa wa nyuma ya soko. Daktari alikuwa mzee wa kilemba cha kijivu, mwenye mikono mikubwa iliyotulia. Alimtoa mgonjwa wa mwisho, akaufunga mlango, akapanga karatasi nane ndogo mezani.

"Majibu ya damu yake," alisema. "Kila Ijumaa, tangu mwisho wa Januari."

"Nieleze kuanzia mwanzo, daktari. Mimi si mtu wa dawa."

"Mwaka jana damu ya Champa ilianza kuisha. Uboho, ule ulio ndani ya mifupa, ndio unaotengeneza damu. Wake uliacha kazi. Nikamwongezea damu ya watu mpaka mishipa ikachoka. Mwishowe akapelekwa London. Kule walipima ndugu, wakaona Lalit anafanana naye. Wakatoa uboho kwenye nyonga ya Lalit, wakamtilia dadake kwa mshipa, kama unavyomtundikia mtu maji. Ukashika. Mwezi wa kwanza akarudi nyumbani na damu mpya."

"Damu ya Lalit."

"Ya Lalit. Hata grupu lake lilibadilika likawa la Lalit." Daktari alitoa barua ndefu iliyopigwa kwa mashine. "Lakini kuna hatari. Wakati mwingine damu hiyo ngeni huuona mwili ilioingia kama adui. Inaushambulia. Ngozi, ini, tumbo. London wakaniandikia namna ya kuivizia. Kila Ijumaa apimwe damu. Kuna kipimo cha bilirubini, hiyo ni rangi ya nyongo: ini likianza kushindwa, inapanda. Na kuna aina fulani ya chembe nyeupe, zikiongezeka ni dalili mbaya. Wameandika hapa: bilirubini ikivuka mbili, nipige simu London siku ile ile. Dawa ya kuutuliza ugonjwa ipo, lakini sharti uwahi."

Khisa alizisogelea karatasi. Sifuri nukta saba. Sifuri nukta nane. Ya tatu, ya tarehe 13 Februari, iliandikwa moja nukta nne, na pembeni daktari alikuwa ameweka alama ya kuuliza kwa wino mwekundu. Iliyofuata ilirudi sifuri nukta nane, na zote za baadaye zilikuwa chini ya moja.

"Kwa hizi karatasi alikuwa mzima."

"Mzima kabisa. Siku aliyofariki mimi nilikuwa Kisumu. Niliporudi nikaambiwa alikufa akiwa wa manjano, anahara damu, ngozi ya viganja imebanduka. Nikafungua faili langu, nikaona hizi. Nikamwambia mzee Pradeep sielewi. Ule ugonjwa hauwezi kumuua mtu kwa siku nne tangu karatasi ya mwisho. Aseniki inaweza." Alikohoa. "Neno hilo lilitoka kinywani mwangu, Inspekta. Siwezi kulikana."

"Ulimwona mwenyewe mara ya mwisho lini? Kwa macho yako?"

Daktari aliigeuza barua ya London juu chini.

"Tarehe ishirini, mwezi wa pili."

"Na hizi tano za mwisho zilifikaje hapa?"

"Ya kwanza kati ya hizo alileta mwenyewe, siku hiyo ya ishirini. Alikuwa na vipele vichache mkononi, akasema ni joto. Nilitazama karatasi nikakubali. Baadaye mpishi ndiye aliyekuwa akizileta. Anasema Champa hajambo, anaogopa jua tu."

"Mwezi mzima."

"Mwezi mzima nilikuwa natibu karatasi," daktari alisema.

Khisa aliomba azichukue. Daktari aliziweka ndani ya bahasha, akatia barua ya London juu yake bila kuombwa.

*

Maabara ya hospitali ilinuka spiriti na rangi ya kupakia vioo. Obura, fundi mkuu wa maabara, alikuwa ameinamia hadubini akibonyeza kihesabio kwa kidole gumba. Alimaliza hesabu yake kwanza ndipo akainua kichwa.

"Nataka uniambie kama hii ni kazi yako," Khisa alisema, akampa karatasi moja moja.

"Hii yangu. Hii yangu. Hii ya moja nukta nne, yangu pia, naikumbuka." Obura alisita kwenye ya nne. Aliisogeza dirishani. "Jina ni langu. Lakini hii..." Akaiweka kando, akachukua ya saba, akasoma tarehe. Uso wake ulibadilika.

"Nini?"

"Bwana Inspekta, hii imeandikwa tarehe kumi na mbili Machi, na imetiwa sahihi yangu. Tarehe kumi na mbili Machi mimi nilikuwa Ugenya nikimzika baba. Niliondoka hapa Jumatatu ya tarehe nane nikarudi tarehe ishirini na mbili. Muulize mtu yeyote."

"Nani alifanya kazi yako?"

"Wanyoike!"

Kijana mwembamba wa koti jeupe alitoka chumba cha ndani akikausha mikono. Obura alikuwa ameshalishusha daftari kubwa kutoka kwenye rafu. Alilifungua mezani, kidole chake kikashuka safu kwa safu mpaka kwenye jina.

"Soma, Inspekta. Mimi nitashika zile karatasi."

Khisa alisoma kwa sauti. "Tarehe 30 Januari, sifuri nukta saba."

"Sawa na karatasi."

"Tarehe 6 Februari, sifuri nukta nane. Tarehe 13, moja nukta nne."

"Sawa. Sawa."

"Tarehe 20, mbili nukta tatu."

Obura alitazama karatasi mkononi mwake. "Hapa imeandikwa sifuri nukta nane. Mimi nilijua daktari anaziona namba zangu."

"Tarehe 27, tatu nukta moja. Tarehe 5 Machi, nne nukta sita. Tarehe 12, saba nukta mbili. Tarehe 19..." Khisa alisimama. "Kumi na moja nukta nane."

Nje, mtu alikuwa akisukuma kitoroli cha nguo, gurudumu likilia.

"Na chembe nyeupe?" Khisa aliuliza.

Obura alifungua sanduku la mbao, akachagua kioo kimoja kati ya vingi vilivyosimamishwa wima, akakiweka chini ya hadubini. Khisa aliinama. Aliona viduara vyekundu vingi, na katikati yao chembe kubwa zilizojaa punje za rangi ya machungwa.

"Hizo zenye punje. Kwa mtu mzima utapata mbili, tatu katika mia. Hicho ni kioo cha tarehe kumi na mbili. Wanyoike alihesabu ishirini na moja. Februari mwanzoni zilikuwa tatu."

Khisa alijinyoosha. Mwilini mwa Champa hakikubaki kitu cha kupimwa, lakini katika sanduku lile zilikuwa Ijumaa nane za damu yake, zimekauka juu ya vioo, na kila kimoja kina tarehe. Alitoa kijitabu chake. Kaka yake Jepkorir alikuwa ameandikisha kwamba dada yake alifika Mau Narok Jumamosi tarehe 6 Machi, naye kaka akampa chupa ya dipu siku hiyo. Kufikia tarehe hiyo bilirubini ya Champa ilikuwa imepanda kwa wiki nne.

Sumu iliyoingia nyumbani mwezi wa Machi haikuweza kuliharibu ini mwezi wa Februari.

"Wanyoike," alisema, "ulipoona kumi na moja nukta nane, ulifanya nini?"

"Nilimwuliza Champa mwenyewe, bwana. Alikuja hapa na miwani ya jua, amejifunga mtandio, amejipaka manjano uso mzima kama bibi harusi. Nikamwambia, dada, hii namba ni kubwa. Akaniambia daktari ameshapiga simu London, wanangoja dawa kwa ndege. Nikashukuru Mungu. Yeye ndiye mgonjwa, nilijua hawezi kunidanganya juu ya damu yake."

"Alikuja mwenyewe kuchukua majibu?"

"Kila Ijumaa. Alikuwa anapenda kungoja pale kwenye benchi, karibu na meza ya fomu. Anatia sahihi hapa." Wanyoike alionyesha safu ya mwisho ya daftari.

Khisa alizitazama sahihi zile kwa muda mrefu. Jepkorir alitia kidole gumba kwenye taarifa yake ya polisi, hajui kuandika. Lalit ndiye aliyemleta dadake kwa gari kila Ijumaa, na Lalit ndiye aliyeileta chupa kituoni. Khisa alikuwa na taarifa ya Lalit mfukoni, iliyoandikwa kwa mkono wake. Aliikunjua kando ya karatasi ya tarehe 27 Februari. Saba ya Lalit ilikuwa mstari mmoja na kona. Saba ya karatasi ilikatwa kiunoni kwa kistari kifupi. Alitafuta saba nyingine. Obura hakuwa akiikata, wala Wanyoike.

Kisha akaiona. Kando ya kila sahihi yake daftarini, Champa aliandika tarehe na mwaka. Sabini na sita. Saba zote nane zilikuwa na kistari kiunoni.

Alilifunga daftari kwa uangalifu.

"Nitalihitaji hili kesho mahakamani. Na sanduku la vioo."

"Inspekta," Obura alimwita alipofika mlangoni. "Ni nani?"

"Ni yeye mwenyewe," Khisa alisema.

*

Jepkorir aliletwa chumba cha mahojiano saa nane mchana. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mrefu, masikio yake yametobolewa kwa mtindo wa zamani. Alikaa mikono imelala juu ya magoti. Koplo Chepkemoi alisimama nyuma yake.

"Mama, leo sitakuuliza kitu," Khisa alisema. "Leo mimi ndiye nitakwambia, wewe utasikiliza."

Alizipanga karatasi nane juu ya meza, tatu upande huu, tano upande ule.

"Hizi tatu ni za kweli. Hizi tano aliziandika Champa. Alichukua fomu tupu pale maabara, akaiga sahihi ya Obura, akakupa umpelekee daktari. Macho yake yalipoanza kugeuka njano akavaa miwani. Ngozi ilipogeuka, wewe ukamsagia manjano ajipake, ili baba yake akiona rangi ile adhani ni mapambo. Mlango ulifungwa kwa sababu hiyo. Nimekosea wapi?"

Jepkorir alizitazama karatasi asizoweza kuzisoma.

"Nani amekwambia?"

"Damu yake."

Jepkorir alilia bila sauti, machozi yakishuka tu. Chepkemoi alitazama ukutani.

"Mama yao alikufa Champa akiwa na miaka sita, Lalit mitatu," Jepkorir alisema mwishowe. "Mimi ndiye niliyewaogesha, mimi niliwalisha. Champa hakuwahi kunificha kitu. Siku ile ya Februari alirudi na karatasi, akaja jikoni, akakaa juu ya gunia la viazi. Akaniambia, Yaya, imeanza."

"Kwa nini hakumwambia daktari?"

"Angerudishwa London. Kule walimweka katika chumba cha plastiki siku arubaini, ati asishikwe na maradhi. Hata baba yake alizungumza naye kwa simu, wameketi hivi, kioo katikati. Aliniambia, Yaya, nikirudi kule nitakufa nikiguswa na watu wenye glavu." Alijifuta kwa upande wa leso. "Na Lalit. Champa aliisoma barua ya London pale kwa daktari, iko na maelezo yote. Akaniambia ni damu ya Lalit inanila. Lalit amejigamba mtaa mzima kwamba amemwokoa dada yake. Akijua, ataishi vipi? Afadhali nimwambie nimechoka tu."

"Na wewe ukakubali."

"Nilimwambia twende kwa daktari. Mara mbili nilimwambia. Nilivaa hata viatu. Mara ya tatu alinishika mkono, akaniapisha kwa roho ya mama yake." Alimkazia Khisa macho kwa mara ya kwanza. "Ningevunja kile kiapo, angekuwa hai?"

Khisa alifikiria kumpa jibu la kumtuliza, akaliacha.

"Sijui, mama. Daktari anasema dawa ipo. Sijui kama ingemponya."

Jepkorir alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa alichokwisha kujua.

"Na sisi tungekunyonga," Koplo Chepkemoi alisema ghafla kwa nyuma. "Ungenyamaza mpaka hapo?"

"Niliapa," Jepkorir alisema. Kisha akamgeukia Khisa. "Nimesema kwa sababu ulikuwa umeshajua. Sasa na mimi nakuomba kitu kimoja. Lalit asiambiwe."

"Kesho hakimu ataniuliza kwa nini nakuachilia. Itabidi niseme mbele ya watu."

"Basi niache ndani."

"Hilo siwezi," Khisa alisema.

*

Lalit alifika saa kumi, shati lake jeupe lina vumbi la mbao mabegani. Alikataa kiti.

"Mmepata sumu?"

"Hakuna sumu. Kaa, Lalit."

"Chupa niliileta mimi mwenyewe! Iliandikwa hatari juu yake. Yule mpishi alimfungia dada yangu chumbani kila asubuhi kwa wiki tatu, na nyinyi mnasema hakuna sumu?"

Khisa alilifungua daftari la maabara mbele yake, akaweka zile karatasi kando, akamwacha asome mwenyewe. Lalit alisoma akiwa amesimama. Alipofika safu ya tarehe 5 Machi alishika ukingo wa meza. Alipofika mwisho aliketi.

"Nani aliandika hizi za uwongo?"

"Champa."

Khisa alimweleza kwa maneno machache, bila kupunguza. Alieleza chumba cha plastiki. Alipofika sehemu ya pili alipunguza sauti.

"Hakutaka ujue ni kitu gani kilichokuwa kinamwua. Alihofia utajilaumu."

Lalit alicheka, kicheko kifupi kibaya, akaziba uso kwa viganja.

"Nilijua," alisema ndani ya viganja.

"Ulijua nini?"

"Daktari wa London aliniita peke yangu kabla ya kunitoboa. Aliniambia uboho wako unaweza kushika, halafu baadaye ukamgeuka. Akaniambia ni wengi unawageuka. Nikatia sahihi. Nikamwomba asimwambie Champa, maana angekataa." Alishusha mikono. "Siku ile hospitalini nilimwona viganja vyake. Nilijua, Inspekta. Halafu Daktari Tejinder akasema karatasi ni safi, labda ni sumu. Unajua nilivyofurahi? Nilifurahi! Niliingia chumbani kwa Yaya nikatafuta mpaka nikapata chupa. Kama ingekuwa kisu ningeleta kisu."

Khisa alivuta karatasi ya taarifa, akaandika tarehe juu, akaisukuma mbele ya Lalit pamoja na kalamu.

"Andika hivyo ulivyosema."

Iliwachukua karibu saa nzima. Lalit alipotia sahihi, mlango ulifunguliwa na Chepkemoi akamwingiza Jepkorir aje atie kidole kwenye taarifa yake mpya. Hakuambiwa kwamba Lalit yumo ndani. Alipomwona alisimama mlangoni, akamtazama Khisa kwa hasira.

"Umemwambia."

"Alikuwa akijua, mama. Tangu London."

Jepkorir alihitaji muda kuyaelewa maneno hayo. Aliwatazama wote wawili, zamu kwa zamu. Kisha Chepkemoi akamshika kiwiko akamkalisha kwenye kiti cha karibu.

"Yaya," Lalit alisema. "Alisema nini mwishoni? Baba na mimi tulikuwa nje kwa daktari wa zamu. Wewe ulikuwa ndani."

Jepkorir alimgeukia.

"Aliuliza kama umekula."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia umekula." Alijifunga leso upya kichwani, vidole vikikosea fundo. "Ulikuwa hujala tangu jana yake."

*

Ijumaa asubuhi hakimu alisoma daftari la maabara, akasikiliza maelezo ya Khisa, akamwuliza Daktari Tejinder maswali manne. Daktari aliyajibu yote akiwa amesimama wima, na swali la mwisho, la lini alimwona mgonjwa kwa macho, alilijibu kwa sauti iliyofika viti vya nyuma. Kiongozi wa mashtaka hakupinga. Kabla ya saa nne Jepkorir alikuwa huru.

Mzee Pradeep hakuingia mahakamani. Alikuwa ndani ya gari lake nje, mikono juu ya usukani. Jepkorir alipopita, mzee alishusha kioo, akasema tu, "Nyumbani, Jepkorir. Chumba chako kiko." Jepkorir aliinama kumsalimu kwa heshima aliyompa miaka ishirini, akamwambia anakwenda Mau Narok kwa kaka yake, atafikiri akiwa huko. Mzee aliitikia kwa kichwa, akakipandisha kioo.

Mzigo wa Jepkorir ulikuwa blanketi moja lililofungwa kwa kamba, pamoja na sufuria aliyoletewa korokoroni. Lalit aliuchukua kutoka mkononi mwa Chepkemoi kabla mwenyewe hajaufikia.

"Nipe, Lalit. Watu wanaangalia."

"Wacha waangalie."

Khisa aliwatazama kutoka ngazi za mahakama. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha alfajiri na barabara ilikuwa matope mepesi. Jepkorir alitangulia kuelekea stendi ya mabasi, haraka, bila kugeuka nyuma. Lalit alimfuata hatua mbili nyuma, blanketi begani, sufuria ikimgonga mgongoni. Wenye maduka, waliomjua yeye na baba yake, walitoka vibarazani kutazama. Mmoja alimwita kwa Kigujarati. Lalit hakuitika. Kwenye dimbwi mbele ya stendi Jepkorir alisimama, akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, na Lalit akaushika, wakavuka.